"Esurient" ni njaa ipi hasa? Mteja anasubiri kazi

BiKoma

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa neno moja tu, ila limenikaba.

Mimi ni mfasiri. Kazi zangu nyingi ni vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya pango na barua za ubalozi. Makala huja kwa nadra. Sasa nimeletewa moja ya Kiingereza inayowasema vijana wanaosoma sheria halafu wanakimbilia siasa. Mwandishi wake ni wa kizazi cha zamani, hakosi neno la kukurudisha kwenye kamusi kila aya. Kwenye aya ya pili kaandika kwamba mji umejaa "esurient young lawyers" wanaosubiri chama chochote kiwaite.

Kamusi yangu ya mkononi haina hilo neno. Kubwa ya mtandaoni inasema hungry, greedy, basi. Hapo ndipo nilipokwama, maana mwenye njaa namhurumia na mlafi namfichia sufuria, sasa hawa mawakili niwafanyeje? Niliandika "mawakili vijana wenye njaa", mteja akanipigia kuuliza kama hii ni makala ya ukame. Nikabadili "mawakili vijana walafi", akasema hapo tutapelekwa mahakamani, na watakaotupeleka ni haohao.

Naomba kujua: kwa Mwingereza mwenyewe neno hili lina uzito gani? Ni tusi, ni dhihaka, au ni neno la kawaida la watu waliosoma? Na linatamkwaje?

La ziada. Mdogo wangu wa kidato cha sita ameliona kwenye kompyuta yangu, sasa halali. Jana kasimama mlango wa jikoni: "Dada, I am esurient." Nikampa kiporo cha ugali. Anataka kulitia kwenye insha yake ya Kiingereza. Nimruhusu?

Kamba_ya_Mkonge

Mkuu, mwambie dogo aende na hilo neno kwa mama ntilie wa stendi aone kama atapata hata ukoko. Huku Tanga unasema "nina ubao" na sahani inakuja.

Hilo la mawakili tumwachie Mwalimu. Najua yuko macho, taa yake ya kijani inawaka.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba kwa wote mtakaokumbuka kunisalimia.

Binti BiKoma, matamshi kwanza kwa kuwa ni mafupi: i-SYU-ri-ent, mkazo kwenye silabi ya pili. Wamarekani wengi huiangusha hiyo y, wanasema i-SU-ri-ent. Mwanzo wa neno usiutamke kama mwisho wa "Yesu", nimewahi kusikia.

Neno lenyewe liliingia Kiingereza katika karne ya 17, likitokea Kilatini moja kwa moja. Kule kwao ni neno la kila siku. Kitenzi ni esurire, kuona njaa, na esuriens ni mwenye njaa. Mimi nililifahamu kabla sijajua Kiingereza cha kuombea ruhusa ya kutoka nje, maana nilisoma seminari ndogo huko kusini, enzi ambazo Kilatini bado kilikuwa somo la kufelia. Masifu ya jioni yalitangulia chakula cha usiku, na ndani ya masifu ya jioni kuna utenzi wa Bikira Maria, Magnificat, wenye mstari huu: "Esurientes implevit bonis, et divites dimisit inanes." Biblia yetu inasema, "Wenye njaa amewashibisha mema, na wenye mali amewaondoa mikono mitupu." Sisi vijana tuliotoka kulima tulipofika kwenye esurientes sauti zilipanda zenyewe. Padre mlezi alijua kinachoendelea, akawa anatutazama kwa jicho la pembeni. Halafu tunakwenda bwaloni tunakuta makande yaleyale ya jana. Hayo mema yalichelewa sana kufika upande wetu.

Nayasema haya kwa makusudi. Kwa Kilatini hilo ni neno la njaa ya kweli. "Heri wenye njaa na kiu ya haki", kitenzi ni hichohicho. "Nalikuwa na njaa, mkanipa chakula", hichohicho. Sasa tazama Waingereza walifanya nini walipofika kwenye mistari hiyo. Wycliffe na wenzake katika karne ya 14 walitafsiri kutoka Kilatini, esurientes iko mbele ya macho yao, na wakaandika hungry. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, hungry. Njaa ya maskini, njaa ya mtoto anayelia, njaa ya Injili, kwa Mwingereza zote ni hungry tangu babu zake. Kwa hiyo esurient ilipofika ilikuta kazi ya njaa ina mwenyewe. Ikapewa kazi nyingine, ya kuitaja njaa ya mtu kwa kejeli, na anayeitaja huwa ameshakula.

Jibu la swali lako la kwanza ni hilo. Si tusi la kugombana nalo. Ni dhihaka ya mtu aliyesoma, na humpa msemaji nafasi ya kusema "huyu ana njaa" huku akitazama juu kidogo ya kichwa cha anayesemwa.

Kwa mawakili, mfano ninaoujua uko kwa Thomas Carlyle, Mskoti aliyeandika historia ya Mapinduzi ya Ufaransa, ikatoka mwaka 1837. Mahali anapomtaja Danton, mmoja wa vinara wa mapinduzi hayo, kabla hajawa yule Danton wa vitabu, anamwita wakili esurient, asiye na kitu. Carlyle hamaanishi kwamba siku ile Danton alikosa chakula cha mchana. Anamwona kijana wa mkoani, katoka mji mdogo wa Arcis-sur-Aube, yuko Paris na sheria yake kichwani, mfuko mwepesi, sauti kubwa, anangoja mlango wowote ufunguke. Ukafunguka. Mwaka 1792 akawa waziri wa sheria, mwaka 1794 akakatwa kichwa, na katikati ya hapo watu walimtuhumu kupokea fedha za mfalme yuleyule aliyekuwa akimpinga. Uwakili, ujana, ukata, siasa. Nabashiri mwandishi wako amemsoma Carlyle, na hilo neno kalitoa hapo.

Mkaazi_Leicester

Shikamoo Mwalimu. Niongeze kutoka huku Uingereza.

Miaka yote niliyokaa hapa sijamsikia mtu akilisema hilo neno kwa dhati. Lakini watu wazima wa hapa wanalijua, na wengi wao wamelitoa sehemu moja: kichekesho cha televisheni cha kundi la Monty Python cha mwaka 1972, kile cha duka la jibini. Bwana mmoja nadhifu anaingia dukani anaeleza kwamba alikuwa maktaba anasoma, ghafla akajisikia peckish. Peckish ndiyo njaa ndogo ya Waingereza, ya saa kumi alasiri, dawa yake biskuti. Mwenye duka hamwelewi. Bwana anapandisha: esurient. Mwenye duka ndiyo kwanza anazidi kupotea. Basi bwana anashuka mpaka chini kabisa, anaigiza lafudhi nzito ya watu wa kaskazini na kusema tu kwamba alikuwa na njaa. Hapo anaeleweka. Baada ya hapo anaagiza jibini moja baada ya nyingine, za Kiingereza, za Kifaransa, orodha ndefu ajabu, na duka halina hata kipande.

Ukitaka kujua uzito wa neno, hapo umeuona. Njaa ni ileile, tumbo ni lilelile, kinachobadilika ni tabaka la mtu. Huku ukifungua mdomo tu wameshajua baba yako alifanya kazi gani.

Nililijaribu kazini, ghalani, wakati wa mapumziko. Nikamwambia msimamizi, Mwingereza wa makamo, kwamba najisikia esurient kidogo. Hakuchelewa hata sekunde, akanijibu kwa lafudhi ileile ya kaskazini ya kwenye kichekesho. Kijana mmoja Mpolandi aliyekuwa pembeni akauliza kama inaambukiza.

AltoWaPili

Salaam kutoka Ujerumani. Shikamoo Mwalimu. Umenifurahisha ulipoitaja Magnificat, kwa sababu kwangu mimi neno hili lina flauti mbili.

Naimba alto kwenye kwaya ya kanisa, na tumefanya Magnificat ya Bach. Aliitunga Leipzig mwaka 1723, akairekebisha kama miaka kumi baadaye. Ule mstari wa wenye njaa hakuupa kwaya. Kaupa sauti moja ya alto na flauti mbili zinazokwenda sambamba, tamu, zinajaa zinamwagika, unaona kabisa watu wanapakuliwa. Kisha linakuja neno inanes, yaani watupu, wale wenye mali wanaoondoshwa. Bach kafanya jambo ambalo ukilijua hulisahau: mwisho kabisa wa wimbo, flauti zinanyamaza kabla ya noti ya mwisho. Sikio linaisubiri ile noti ya kufungia, haiji. Besi peke yake ndiyo inamalizia. Matajiri wameondoka mikono mitupu na wewe msikilizaji umeondoka nao.

Mazoezi ya kwanza jirani yangu aligeuza shingo kumtafuta mpiga flauti, akidhani kapotea kwenye karatasi yake.

Swali langu kwa Mwalimu ni hili. Kama kwenye Kilatini neno ni la heshima kiasi hiki, hiyo kejeli Waingereza waliipata wapi? Waliibuni wenyewe?

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba wanangu. AltoWaPili, hilo la noti umenipa zawadi, kesho nitaisikiliza.

Kejeli hawakuibuni, waliirithi. Kilatini kina watu wawili wenye njaa. Mmoja yuko kwenye Injili, ndiye uliyemwimba. Wa pili yuko kwa Juvenal, mshairi wa Roma wa mwishoni mwa karne ya 1 na mwanzoni mwa karne ya 2, katika shairi lake la tatu la dhihaka. Mrumi mmoja anafungasha vitu vyake ahame mji, na sababu anayoitoa ni kwamba Wagiriki wameujaza. Anawataja kwa kazi zao: huyo Mgiriki ni mwalimu wa sarufi, ni mfundisha hotuba, ni mpima ardhi, ni mchoraji, ni mkandaji, ni mpiga ramli, anatembea juu ya kamba, ni tabibu, ni mchawi. Ni kama yale matangazo ya mganga kwenye nguzo za umeme: natibu, narudisha mpenzi, nakuza biashara, nakamata mwizi, usaili wa kazi pia. Kisha Mrumi anamalizia kwa kumwita Graeculus esuriens.

Hiyo -ulus ni kudogosha, na hapa Kiswahili kinawapita Waingereza mbali, sisi tuna ki- na kiji-. Hicho Kijigiriki chenye njaa kinajua yote. Kiambie kipae mbinguni, kitapaa. Wahenga wetu walishasema: mwenye njaa hana miiko.

Samuel Johnson, mwandishi Mwingereza, mwaka 1738 alilihamishia shairi hilo London. Mgiriki akawa Mfaransa, na mbinguni pakawa jehanamu: mwambie aende jehanamu, ataenda. Na ajabu ni kwamba Johnson, mtu aliyependa maneno ya Kilatini kupita kiasi, hapo hakutumia esurient. Aliandika fasting, yaani aliyeshinda bila kula.

Waingereza wa tabaka la juu walichapwa viboko shuleni juu ya Juvenal kwa karne kadhaa. Kwa hiyo wakiandika esurient, nyuma ya neno kuna yule Mgiriki: mgeni, hana kitu, ana akili nyingi, atafanya lolote, na anayemsema ni mwenyeji anayeona nafasi zake zinachukuliwa. Ukiniuliza mimi, neno ni zuri kwa sauti lakini silipendi. Mimi na Mkaazi_Leicester na wengi humu tungekuwa Roma ile, kiji- hiyo ingetuhusu.

Nesi_wa_Zamu

Shikamoo Mwalimu, niko zamu ya usiku nasoma kimyakimya.

Hiyo -urient imenishtua, kwa sababu wodini kwetu mama aliye kwenye uchungu ukifungua vitabu ni parturient. Ni ndugu?

Halafu kwa BiKoma: kwenye faili la mgonjwa esurient sijawahi kuiona. Mwenye kisukari anayekula hashibi tunaandika polyphagia, aliyekosa hamu ya chakula tunaandika anorexia. Kwa hiyo usije ukadhani ni neno la kidaktari.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Ni ndugu wa tumbo moja, na umeuliza swali nililotamani miaka yote mwanafunzi aniulize.

Kilatini kilikuwa na namna ya kukigeuza kitenzi kiseme "kutaka kufanya jambo". Unachukua parere, kuzaa, unapata parturire, kuwa katika hali ya kutaka kuzaa, ndiyo uchungu wenu wa wodini. Unachukua mingere, kukojoa, unapata micturire, kubanwa, na ndiyo micturition mnayoiandika kwenye chati. Vivyo hivyo edere, kula, ikatoa esurire, kutaka kula. Esuriens basi, ukiifumua, si mtu aliyepungukiwa na chakula. Ni mtu ambaye mwili wake wote umeelekea kwenye kula.

Cicero, mwanasiasa na msemaji wa Roma, aliichezea namna hiyo. Mwaka 49 kabla ya Kristo, vita vya Pompey na Kaisari vimeanza, alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba moyo wa Pompey sullaturit. Alikuwa na maana kwamba Pompey anatamani kuwa Sulla, yule dikteta aliyebandika majina ya watu wa kuuawa kwenye orodha hadharani. Kitenzi kizima cha kutamani udikteta, kimetungwa ndani ya barua. Nilipokuwa nafundisha, darasa lilikuwa linaamka hapo hata kama ni saa nane mchana.

Na ukitaka kucheka, obese nayo imetoka kwa edere huyohuyo. Mwenye njaa na mnene kupita kiasi wamezaliwa nyumba moja.

BiKoma

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Nesi pole na zamu.

Nimeelewa hivi: nahitaji neno lenye njaa ndani yake, lenye hamu, lenye kejeli ya mtu aliyeshiba, ila lisiwe tusi la kunifikisha kwa hakimu. Nilifikiria "wenye uchu". Mnaonaje?

Bakari_Kibokoni

Kutoka Mombasa, salaam aleikum. Uchu hapana dada yangu. Uchu una kitu chake maalumu, mtu ana uchu wa nyama, uchu wa madaraka, ukiuacha peke yake msomaji ataanza kuwaza mambo mengine, na makala yako ni ya mawakili. Mimi ningesema waganga njaa. "Mawakili vijana waganga njaa." Mtu anayeganga njaa ndiye huyo Mgiriki wa Mwalimu, leo wakili, kesho dalali, keshokutwa mgombea.

Kamba_ya_Mkonge

Mganga njaa ni kali mno, Bakari. Halafu mganga njaa yuko kazini tayari, anahangaika. Hawa wa BiKoma wamekaa wanasubiri waitwe. Mbona neno lipo siku zote: wamekaa mkao wa kula.

Mwalimu_Mstaafu

Kamba, nimekuvumilia humu muda mrefu na leo umelipa deni.

Mkao wa kula. Tazameni. Kwanza "kula" imo ndani, kama edere ilivyomo ndani ya esurire. Pili, hausemi kwamba mtu anakula wala kwamba amekosa. Unasema mwili umeshajiweka tayari, mikono imenawa, macho yako mlangoni yanangoja sinia. Ile namna ya Kilatini ya "kutaka kufanya" sisi hatuna kiambishi chake, lakini tuna mkao. Tatu, kejeli imo. Ukimwambia mtu "naona umekaa mkao wa kula" hawezi kukushtaki, ila hawezi kufurahi.

Bakari naye hajakosea, tusimwonee. Mganga njaa ndiye Graeculus esuriens mwenyewe, na ndiye Danton wa Carlyle, wakili asiye na kitu anayejishikiza hapa na pale. Ningekuwa namtafsiri Carlyle, Danton angekuwa wakili mganga njaa na nisingelala nikiwaza. Tofauti ni sentensi ya BiKoma, mwandishi kasema "wanaosubiri chama chochote kiwaite". Wanaosubiri. Hapo mkao unashinda.

"Wenye njaa" mtupu ungeweza kupita kama ungekuwa umeandika "wanasheria wa njaa", kwa namna watu wanavyosema siasa za njaa na waandishi wa njaa. Lakini hapo ni dharau ya mtaani, na mwandishi wako anadharau akiwa amevaa tai.

Kuhusu kijana wa kidato cha sita: asiliandike. Msahihishaji ana rundo la karatasi mezani, anajua fika kijana wa umri ule haongei hivyo, na neno moja lililovaa suti katikati ya sentensi zenye kandambili linamfanya azitazame kandambili kwa makini zaidi. Aandike hungry. Kama ana hamu ya kujifunza maneno ya njaa, yapo yenye faida zaidi. Starve, kwa mfano, zamani ilikuwa na maana ya kufa tu, kufa kwa namna yoyote, kama binamu yake sterben wa Kijerumani mpaka leo. Njaa ilikuja kuimiliki baadaye. Na hangry, ya mtu mwenye hasira kwa sababu hajala, iliingizwa kwenye kamusi kubwa ya Oxford mwaka 2018. Hiyo hata mtahini anaijua, hasa wakati wa kusahihisha.

Mahali pekee ambapo esurient inakaa vizuri kwa mtu wa kawaida ni pale anapojicheka mwenyewe. Kwa hiyo lile la mlango wa jikoni lilikuwa sahihi kabisa kimatumizi. Angestahili zaidi ya kiporo.

Mkaazi_Leicester

Nakubaliana na Mwalimu. Kujicheka, sawa. Ukimwambia mwenzio "naona uko esurient", huku hutaalikwa tena.

BiKoma

Mwalimu nashukuru sana. Nimeandika hivi:

"Mji umejaa mawakili vijana waliokaa mkao wa kula, wakisubiri chama chochote kiwaite."

Nimempelekea mteja kwa simu. Amecheka, halafu akanyamaza kidogo, akasema iache hivyohivyo.

Mwalimu_Mstaafu

Iache. Na usiongeze "mezani" baada ya "kiwaite". Najua mkono unakuwasha.

Kamba_ya_Mkonge

Mimi naomba robo ya malipo ya huo ukurasa. Nina ubao kweli, sitanii.

BiKoma

Kamba, ukurasa wenyewe hautoshi chipsi mayai, ila nikilipwa nitakukumbuka.

Mwalimu, samahani, kabla hujalala. Nimefika aya ya nne na kuna "edacious". Nayo ni njaa?

Mwalimu_Mstaafu

Hiyo ni rahisi kidogo. Edere huyohuyo, ila huyu ameshapita hatua ya kutaka, yuko anakula na habakizi. Kilatini ni edax. Ovid, mshairi wa Roma, aliuita wakati hivyo, kwamba unakula vitu vyote. Kama kwenye makala anasemwa mtu, weka mlafi. Kama ni kitu kama moto au wakati, tafuta kitenzi. Kinasemwa nini?

BiKoma

Kodi.

Mwalimu_Mstaafu

Basi "inayotafuna". Endelea na aya ya tano.